Chembe Zimetimia, Damu Haikomi

Mtoto ameamka shuka imelowa damu ya pua. Hospitalini anapimwa, na majibu yanaonyesha chembe sahani ziko ndani ya kiwango cha kawaida, yaani 150,000 hadi 450,000 kwa kila mikrolita ya damu. Mama anaambiwa mwanawe ni mzima. Wiki mbili baadaye jino la utoto linang'oka, na ufizi unachuruzika usiku kucha.

Kipimo hakikukosea. Kilihesabu chembe, hakikuuliza kama zinafanya kazi.

Mshipa mdogo ukikatika, chembe sahani hujishikiza penye jeraha, kisha hushikana zenyewe kwa zenyewe hadi tundu lizibe. Kinachoziunganisha ni protini iitwayo fibrinojeni. Mwaka 1918 Eduard Glanzmann, daktari wa watoto wa Uswisi, alieleza ugonjwa ambao sasa unaitwa kwa jina lake: chembe zimetimia, lakini damu haikomi. Leo tunajua kuwa chembe hizo zimekosa kipokezi cha kuishika fibrinojeni, au kipokezi chenyewe kina kasoro. Matofali yamejaa kiwanjani, saruji ipo, lakini haishiki.

Ugonjwa huu ni nadra. Mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe kwa kawaida hawaumwi, kwa hiyo huonekana zaidi katika koo ambamo binamu huoana. Himofilia, ugonjwa mwingine wa damu kutoganda, huwapata zaidi wavulana na huvujisha damu ndani ya viungo na misuli. Huu wa Glanzmann huwapata wasichana na wavulana sawasawa. Damu hutoka puani na kwenye fizi, ngozi huvilia bila mtoto kuanguka, hata majirani wakadhani anapigwa. Binti akivunja ungo, hedhi ya kwanza yaweza kumfikisha kwenye kuongezewa damu.

Mzazi, andika damu ilitoka wapi na kwa dakika ngapi, kisha omba rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya damu. Toa taarifa kabla ya tohara au kung'oa jino, ili dawa na damu viandaliwe. Usimpe mtoto aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwani huzidi kudhoofisha chembe. Pua ikitoka damu, mkalishe, ainame mbele, ubane sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuachia.

Na ukiambiwa tena kwamba chembe zinatosha, uliza kwa upole: je, zinashikana?