Shoga Hana Mkeka Msibani

Waliokua enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam wanayakumbuka matangazo ya vifo. Yalisomwa taratibu, kwa sauti nzito, na mwisho wake ulikuwa mmoja: habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Kurasa za kumbukumbu magazetini zimeurithi mpangilio huo. Hutangulia mume, wakafuata watoto, wajukuu, wakwe, mashemeji na majirani. Marafiki wako mkiani kabisa, kama nafasi imebaki.

Sheria nayo haikuwakumbuka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za ruhusa yenye malipo akifiwa na mtoto, mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Rafiki hayumo. Ndiyo maana ukiwahesabu madada waliofariki katika ofisi zetu, utadhani kila mama wa nchi hii alizaa kumi na wawili. Mimi nami niliaga hivyohivyo: nimefiwa na dada. Nikapewa pole na ruhusa, nikapanda basi la Tanga.

Sina ugomvi na mpangilio wenyewe. Mjane ana eda yake ya miezi 4 na siku 10, jamaa wengine wana siku 3, na mirathi ina wenyewe. Langu ni la mahali pa kukaa tu. Ingia nyumba ya msiba pale Ngamiani, kwenye barabara zile zinazoitwa kwa namba. Mkeka wa ndani una mama mzazi, madada, mashangazi na mama wadogo. Hao ndio unaowapa mkono wa pole. Shoga wa marehemu yuko uani, anapepeta mchele. Hajatumwa na mtu. Ndiye anayejua masufuria makubwa yanaazimwa wapi, marehemu alikuwa zamu ya ngapi kwenye mchezo, na ni jirani gani aliyeapa hatakanyaga nyumba ile, ambaye leo yuko mbele analia kumshinda mama. Mimi siku ile niliomba nipewe vitunguu. Ukiwa na kisu na beseni la vitunguu, hakuna anayekuuliza unalia nini.

Shoga yangu huyo alikuwa mtu wa maneno, na kanga aliinunua kwa jina lake kwanza, rangi baadaye. Tulinunua doti moja, tukagawana. Wengine huichana tu. Yeye alichomoa kwanza uzi mmoja katikati, pole pole, hadi ukabaki mstari mwembamba kutoka pindo hadi pindo, ndipo akapitisha mkasi. Kisha alikaa barazani akaipinda kwa sindano ya mkono, maana cherehani, alisema, inaikunyanza. Doti yetu ya mwisho ilikuwa ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, wale wenye chapa ya Mali ya Abdulla, na jina lake ni HASIDI HANA SABABU. Kipande kimoja kikabaki Ngamiani, kingine nikaja nacho Dar es Salaam. Asubuhi simu inalia: "Shoga, leo nimeivaa. Na wewe ivae, tumbane huku na huku." Hasidi mwenyewe alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mama wa watu asiyejua hata kama kuna vita.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, alisifiwa kuwa alikuwa mkarimu, mcha Mungu na mpole. Mkarimu, kweli. Mpole? Niliona madada zake wawili wakikwepana macho. Huyu ndiye aliyewahi kumshusha kondakta kwenye daladala lake mwenyewe kwa sababu ya chenji. Huyu ndiye aliyeshikilia kwamba taarabu ya Tanga iliondoka na Shakila wa Black Star, na kwamba yaliyofuata ni kelele za vinanda, na usimbishie kama chai yako bado haijamiminwa. Mtu mpole simjui. Aliyenipigia simu asubuhi kunipangia nguo ya kuvaa ni mwingine.

Nguo zake ziligawanywa, kila mtu kwa haki yake. Sikuulizwa, wala sikutazamia, mimi si mrithi. Kile kipande nimekuja kukiona Deep Sea, kwenye soko la samaki, kiunoni kwa mtoto wa dada yake. Alikuwa amekifunga juu ya dera, magamba yameganda juu ya neno HASIDI.

"Shikamoo, mama mdogo. Mbona unanikodolea? Unaitaka? Nikufungulie?"

Nikamwambia aivae tu, ila asiitie dawa ya madoa, itachujuka. Na akiulizwa hasidi ni nani, ajibu kwamba mwenyewe anajijua.