Unapaua banda la gari Kibaha au Kisarawe? Usianze na rangi ya bati

Mvua zikikaribia, maduka ya vifaa vya ujenzi kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi hayakosi mteja wa aina hii: kajenga, kahamia, gari linalala nje, na sasa anataka paa la haraka. Swali lake la kwanza dukani: "Rangi gani mnazo?"

Swali hilo ndilo linalogharimu watu.

Mjomba wangu ni mmoja wao. Kajenga Visiga, anafanya kazi Dar, na gari lake bado analilipia mkopo. Banda lake alilipaua kwa bati jekundu, linapendeza kweli, linaendana na nyumba. Usiku mmoja wa mvua za vuli upepo ukanyanyua upande wa mbele, mabati mawili yakapinda na la tatu likatua juu ya boneti.

Asubuhi tulipookota vipande, hakuna bati lililokuwa na kutu wala tundu jipya. Kilichong'oka ni misumari. Kunyoosha boneti na kupiga rangi kulimgharimu zaidi ya mabati yote aliyonunua.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, soma hapa. Ni dakika chache tu.

Kwanza, gereji ipi?

Mtaani ukisema gereji, watu wanaelewa kwa fundi. Lakini wengi siku hizi wanaita gereji hata lile banda la kulazia gari nyumbani. Paa la hayo mawili si lazima lifanane.

Banda la nyumbani mara nyingi ni nguzo nne, wazi pande tatu, limeegemea ukuta wa nyumba au fensi. Gereji ya fundi ina watu chini yake kutwa nzima, kuna moto wa kuchomelea, kuna petroli, na kunahitajika mwanga. Tuanze na la nyumbani, la fundi tutalifikia.

Adui wa kwanza ni upepo, siyo mvua

Nyumba ina kuta, upepo unagonga na kupita. Banda halina. Upepo unaingia chini ya paa na kulisukuma juu, huku unaopita juu yake unalivuta. Yaani paa linasukumwa na kuvutwa kwa wakati mmoja.

Tupige hesabu. Chukua banda la mita 6 kwa 3.5, eneo la mita za mraba 21. Mabati yake yote ya geji 30 yana uzito wa kama kilo 60. Hiyo ni mfuko mmoja wa saruji na kidogo.

Sasa, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inapotoa tahadhari ya upepo mkali pwani, mara nyingi inataja kasi inayofikia kilomita 40 kwa saa. Kwa kasi hiyo, nguvu ya kunyanyua banda la ukubwa huo inaweza kufika kilo 150. Mifuko mitatu ya saruji inavuta kwenda juu, mfuko mmoja na kidogo unavuta kwenda chini.

Upepo ukifika kilomita 70 kwa saa, nguvu hiyo haipandi mara mbili tu. Inapanda mara tatu, inakaribia kilo 500. Wengi wetu tunakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilivyosogelea pwani yetu na kila mtu akawa anaangalia paa lake.

Kisarawe, kwenye miinuko ya Pugu, viwanja vingi viko mgongoni mwa kilima. Kibaha unakuta eneo limepimwa viwanja, miti imekatwa yote, nyumba zimeachana. Huko upepo haukutani na kitu hadi ufike kwako.

Maana yake ni moja: uzito wa bati hauwezi kushikilia paa la banda. Kinacholishikilia ni namna lilivyofungwa kwenye papi, papi kwenye kenchi, kenchi kwenye nguzo, na nguzo kwenye zege ardhini. Kiungo kimoja kikiwa dhaifu, kazi yote imekwenda.

Geji: namba kubwa, bati jembamba

Hapa ndipo wengi wanapigwa. Geji inakwenda kinyume na akili ya kawaida. Geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28.

Kwa kipimo cha zamani cha Kiingereza ambacho wengi bado wanakifuata:

- Geji 28: kama milimita 0.38
- Geji 30: kama milimita 0.32
- Geji 32: kama milimita 0.27

Tofauti inaonekana ndogo, lakini geji 28 ina chuma zaidi ya theluthi moja kuliko geji 32. Bati jembamba linachanika kirahisi pale kwenye msumari. Kichwa cha msumari kinabaki kwenye mbao, bati linaondoka zake.

Ushauri: dukani usiulize geji peke yake. Uliza milimita, na uliza kama kipimo hicho ni cha chuma chenyewe au kimejumlisha na rangi. Angalia maandishi yaliyochapwa kwenye bati na alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Fundi mwenye maikromita anaweza kukupimia papo hapo. Muuzaji akikasirika kwa sababu unapima, umeshapata jibu lako.

Kwa banda lililo wazi, geji 32 iache. Geji 30 inatosha kama papi ziko karibu. Kama uko mlimani au kwenye eneo tupu, jikaze ufike 28.

Sasa tuchague

Bati la migongo midogo. Hili ndilo la babu zetu, lenye mawimbi. Ni rahisi kupata na kila fundi analijua. Linataka mteremko mzuri ili maji yasirudi kwenye maungio.

Msauzi. Bati la migongo mipana, mara nyingi la rangi. Migongo yake inalipa ukakamavu na linavumilia mteremko mdogo zaidi, ndiyo maana linafaa paa la upande mmoja ambalo ndilo la mabanda mengi. Ukinunua, uliza upana unaofunika, siyo upana wa bati zima. Sehemu ya kila bati inalaliwa na jirani yake, na ukisahau hilo utarudi dukani kwa bodaboda.

Bati la alumini na zinki. Hili limepakwa mchanganyiko wa alumini kama asilimia 55, zinki kama 43, na silikoni kidogo. Linakawia kupata kutu kuliko lile la zinki tupu. Lina adui mmoja: saruji mbichi. Kama banda linaegemea ukuta, usiache fundi azibe maungio kwa kumwagia zege juu ya bati. Tumia ukanda wa bati uliokunjwa na gundi ya kuzibia.

Habari njema: Kibaha na Kisarawe ziko mbali na bahari, kwa hiyo chumvi haili bati kama inavyofanya Bagamoyo ufukweni au Mafia. Kama jirani yako wa Kunduchi anakwambia bati lake lilioza mapema, siyo lazima lako lifuate.

Vigae. Vya udongo au vya zege vinapendeza na ni vizito, upepo unapata kazi. Lakini vinataka kenchi nene na nguzo za maana. Kwa banda la gari moja, unaweza kujikuta umejenga chumba.

Slabu ya zege. Haiondoki na upepo na juu unaweza kuweka tanki. Inataka nondo, mhandisi na hela. Kama hujajipanga kwa vyote vitatu, usianze.

Makuti. Tuseme ukweli, chini ya makuti ni baridi kuliko chini ya bati lolote. Lakini gari lina petroli, na cheche moja kutoka jikoni au kwa jirani anayechoma takataka inatosha. Kwa kibaraza cha kupumzikia, sawa. Kwa gari, hapana.

Mabati mkweche. Yanauzwa rahisi na yana matundu ya misumari ya zamani. Kila tundu ni mlango wa maji. Na kama ni yale mabamba ya kijivu ya asbesto kutoka majengo ya zamani, usiyaguse kabisa, usiyakate wala kuyavunja. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, na hatari kubwa iko kwenye vumbi lake.

Rangi nayo ina kazi

Rangi si urembo tu. Bati la rangi nyeusi au kahawia linakunywa jua, na mchana wa Januari chini yake panageuka oveni. Rangi ya kung'aa au nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya joto.

Kwa hiyo rangi ina nafasi yake, ila ni ya nne kwenye foleni. Kwanza unene, pili mbao, tatu misumari, ndipo rangi.

Pale ambapo fundi anaweza kukuokoa au kukumaliza

*Mteremko.* Kwa kila mita 1 ya upana, shusha paa angalau sentimita 15 hadi 20. Banda la mita 3.5 litashuka kama sentimita 50 hadi 70. Likilala sana, maji yanatuama na majani ya mwembe yanaoza juu yake.

*Misumari au skrubu.* Skrubu zenye mpira zinashika kuliko misumari laini. Kama ni misumari, chukua iliyojisokota yenye mpira. Kwenye papi za mbao, piga juu ya mgongo wa bati, siyo bondeni maji yanapopita. Pembeni na mbele ya banda, ambako upepo unaanzia, piga kwa kila mgongo.

*Mbao.* Mchwa wa huku hawana simile. Chukua mbao zilizowekwa dawa, na nguzo ya mbao isizikwe moja kwa moja ardhini. Ikae juu ya zege ikiwa imeshikwa na chuma. Nguzo za bomba la chuma ni nzuri zaidi, mradi zizame kwenye zege lenye kina cha kutosha. Zege hilo ndilo linaloongeza uzito ule ambao bati halina.

*Kufunga kenchi.* Msumari mmoja wa kukaa upande hautoshi. Funga kenchi na nguzo kwa ukanda wa chuma unaozunguka. Ni kitu cha bei ndogo sana kwenye orodha yako yote, na ndicho kilichokosekana kwa mjomba.

*Kukata.* Grainda inarusha cheche zinazounguza rangi na kinga ya bati, na kutu inaanzia hapo. Mwambie fundi atumie mkasi wa bati, na vumbi la chuma lifagiliwe siku hiyohiyo.

Na kama ni gereji ya fundi?

Fundi anashinda chini ya paa hilo kutwa, kwa hiyo mambo matatu yanaongezeka.

Joto: acha uwazi wa kama sentimita 30 kati ya ukuta na paa, hewa ya moto itoke. Inua paa kadiri unavyoweza.

Mwanga: weka mabati machache ya plastiki yanayopitisha mwanga kati ya yale ya chuma. Lakini yasiwe juu ya sehemu ya kuchomelea, na mtu asiyakanyage anapopanda juu.

Moto: turubai, makuti na maboksi ya kuziba jua visikae kabisa karibu na moto wa kuchomelea. Vijana wanaojifunza kazi wengine wanalala humohumo gereji. Likitokea la kutokea usiku, paa linaloshika moto halimpi mtu muda wa kuamka.

Maji ya bure

Wakazi wa zamani wa Kisarawe wanajua maana ya kutafuta maji. Kabla ya mradi wa maji wa Kibamba–Kisarawe kuzinduliwa mwaka 2020, ndoo ilikuwa habari nyingine. Hata leo, mgao ukitokea, paa la banda ni kisima.

Hesabu ni nyepesi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Banda letu la mita za mraba 21, mvua ya milimita 30, unapata lita 630. Ukiondoa zinazopotea, zinabaki kama 500. Nusu ya tanki la lita 1,000 kwa mvua moja.

Weka gata upande wa chini, na mvua za mwanzo ziache zioshe vumbi kwanza. Hayo ni maji ya kufua, kuosha gari na kumwagilia. Ukitaka kunywa, yatibu au yachemshe.

Kabla hujalipa, jiulize

1. Unene wa bati ni milimita ngapi, na nimeuona kwa macho yangu?
2. Upana unaofunika ni kiasi gani, na nimehesabu idadi kwa huo?
3. Nimeweka hela ya ukanda wa chuma, skrubu na zege la nguzo, au yote imeishia kwenye mabati?
4. Kuna mnazi au tawi kubwa la mwembe juu ya banda? Nazi ikidondoka haiangalii geji.
5. Nimeuliza halmashauri kuhusu kibali, hasa kama banda linagusa mpaka wa jirani?

Hela ikiwa haitoshi, punguza ukubwa wa banda, usipunguze unene wala viungo. Banda dogo lililofungwa vizuri linalaza gari. Kubwa lililolegea linaliangukia.

Mjomba ameshapaua upya. Safari hii ni geji 28, kenchi zimefungwa kwa chuma, skrubu kwa kila mgongo pembeni. Rangi? Alichukua iliyokuwepo dukani.