Mwaka wa wodini kabla ya mashine ya miale

TUSEME mama mmoja anayeuza viazi sokoni Chaka ameanza kutokwa na damu kidogo, ilhali hedhi yake ilikoma miaka sita iliyopita. Kwanza anadhani ni uchovu wa kuinua magunia. Baada ya miezi miwili anapanda matatu hadi hospitali mjini Nyeri. Kule anapokewa na kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, yaani daktari mwanagenzi.

Kijana huyo akimwuliza, "Mama, damu hii ilianza lini?" kisha ampime hadi mlango wa kizazi, huenda saratani ikapatikana ingali changa. Akimpa vidonge vya maumivu na kumrudisha nyumbani, ugonjwa utazidi kujichimbia.

Watu wengi hudhani kwamba daktari wa saratani hufunzwa kando ya mashine kubwa za Nairobi. La hasha! Mafunzo yake huanzia wodini, katika mwaka huu wa uanagenzi, miaka mingi kabla ya kuigusa mashine yenyewe.

NJIA NDEFU

Hapa Kenya shahada ya udaktari huchukua miaka sita. Inafuatwa na mwaka wa uanagenzi, ambapo daktari huzunguka idara kubwa za hospitali: magonjwa ya ndani, upasuaji, magonjwa ya watoto, na uzazi pamoja na maradhi ya wanawake. Bila mwaka huo hapati leseni kamili.

Baadaye aghalabu huhudumu miaka kadhaa kama daktari wa kawaida, ndipo arudi chuoni kusomea shahada ya uzamili. Chuo Kikuu cha Nairobi hufunza matibabu ya saratani kwa miale, na jijini Dar es Salaam Chuo cha Muhimbili hufunza madaktari wa saratani kikishirikiana na Taasisi ya Ocean Road. Kwa hivyo, tangu siku ya kwanza chuoni hadi kuwa bingwa, miaka zaidi ya kumi hupita.

Nchini Marekani mpango ni tofauti. Mafunzo ya ubingwa wa miale huchukua miaka mitano, na wa kwanza kati ya hiyo ndio mwaka wa uanagenzi. Hospitali nyingine humchukua daktari kwa miaka yote mitano. Nyingine humchukua kwa minne ya mwisho tu, naye hulazimika kujitafutia mwaka wa kwanza kwingineko, pengine katika mji mwingine.

Wanaopenda mpango wa kwanza husema kwamba daktari hahami mara mbili, na walimu wake wanaweza kumpeleka mapema katika wodi zenye wagonjwa wa saratani. Wanaopenda wa pili husema ni vizuri aone hospitali nyingine na maradhi ya kila aina. Hata hivyo, hakuna upande unaosema mwaka huo uondolewe.

WODI HUFUNZA NINI?

Miale huua seli za saratani kwa kuharibu chembechembe zinazoongoza kuzaana kwake. Lakini anayelala chini ya mashine ni mtu mzima, si uvimbe peke yake. Saratani ya mlango wa kizazi inaweza kuziba njia za mkojo na kudhuru figo. Mgonjwa anaweza kuishiwa damu, kuharisha au kupata homa katikati ya matibabu. Daktari aliyekesha wodini huyatambua mambo hayo upesi.

Isitoshe, katika wodi ya upasuaji mwanagenzi hujifunza kutopuuza uvimbe wa titi. Katika wodi ya watoto hujifunza kwamba weupe unaong'aa ndani ya mboni ya jicho la mtoto unaweza kuwa saratani. Saratani ya ovari, iliyomwua Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, mnamo Septemba 2011, hujificha nyuma ya dalili ndogo kama tumbo kujaa gesi na kuvimba. Anayeziona dalili hizo kwanza si bingwa. Mara nyingi ni huyu kijana.

SAFARI YA NAIROBI

Kwa mkazi wa Chaka, kuchelewa kuna gharama. Hospitali ya Rufaa ya Nyeri hutoa dawa za kemotherapi, lakini kwa miale wagonjwa wengi wa upande huu wameteremka hadi Nairobi. Hospitali ya Kenyatta ilianza matibabu hayo mwaka wa 1968, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa hospitali ya umma ya pekee kuyatoa. Sasa yapo pia katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa mwaka wa 2019, na huko Nakuru, Mombasa na Garissa.

Saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi huhitaji miale siku tano kwa juma, kwa majuma matano hivi, kisha miale ya kuwekwa ndani. Kila kipindi ni dakika chache tu, lakini mama atalala wapi, na ni nani atakayeuza viazi? Na akifika akiwa amechelewa sana, huenda miale ikabaki kuwa ya kumpunguzia maumivu na kuzuia damu.

Ndiyo sababu malipo ya wanagenzi si jambo la madaktari peke yao. Mwaka wa 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56, kuanzia Machi hadi Mei. Serikali ilitaka kumlipa mwanagenzi Sh70,000 kwa mwezi badala ya Sh206,000 za mkataba wa 2017, na ni mwezi wa Desemba ilipokubali kuufuata mkataba huo. Katika mvutano wa aina hii, wa kwanza kuumia ni yule mama aliye kwenye foleni.

Mpenzi msomaji, usingoje maumivu. Damu baada ya hedhi kukoma au baada ya kujamiiana, uvimbe usiopona na kukonda bila sababu ni mambo ya kupelekwa hospitalini. Mwanamke wa miaka 25 na zaidi apimwe mlango wa kizazi, na msichana wa miaka kumi apate chanjo ya HPV, inayotolewa nchini tangu Oktoba 2019. Na ukimkuta daktari kijana, mweleze yote bila haya. Huenda yeye ndiye atakayekuokoa.