Fasihi ya Isiolo yafika London kabla ya kumfikia jirani

MJI wa Isiolo, ulioko kaskazini mwa Mlima Kenya kando ya barabara kuu iendayo Moyale, ni mahali ambapo Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru husikika katika soko moja. Biashara huendeshwa kwa Kiswahili. Lakini mazungumzo yanapotoka kwenye bei ya mbuzi na kuingia katika ushairi, ngano na methali, kila jamii hurudi katika lugha yake na jirani hubaki nje.

La kushangaza ni kwamba sehemu ya fasihi ya jamii hizo imekwisha kutafsiriwa, tena kwa ustadi mkubwa. Ila haikutafsiriwa kwa manufaa ya jirani. Ilipelekwa ng'ambo, ikageuzwa Kiingereza, ikahifadhiwa katika maktaba za vyuo vikuu.

Mfano bora ni kazi ya B. W. Andrzejewski, msomi mzaliwa wa Poland aliyefundisha katika Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika cha Chuo Kikuu cha London. Mnamo 1957 alichapisha makala kuhusu lahaja ya Waborana, na mwaka wa 1962 akatoa nyingine iliyochunguza jinsi vita vinavyosawiriwa katika hadithi na ngano zao. Mwaka wa 1964, yeye na I. M. Lewis walitoa kitabu cha ushairi wa Kisomali pamoja na tafsiri na maelezo yake. Mwaka wa 1982 ilichapishwa tafsiri yake ya riwaya ya Faarax M. J. Cawl, iliyokuwa imetoka kwa Kisomali mwaka wa 1974, miaka miwili tu baada ya Somalia kuamua rasmi kuandika lugha yake kwa hati za Kilatini.

Habari hizi haziko mbali na Isiolo. Mbali na Waborana wa bonde la Waso, mji huo una wakazi wa asili ya Kisomali ambao wazee wao, wengi wa ukoo wa Isahakia, walikuwa askari wa Uingereza waliopewa makao hapo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ushairi uliosomwa London ni urithi wa wajukuu wao.

Siri ya mafanikio ya Andrzejewski ilikuwa ushirikiano. Hakujifungia chumbani na kamusi. Kwa miaka mingi alifanya kazi na Musa Galaal, msomi wa Kisomali aliyeyajua mashairi pamoja na mazingira yaliyoyazaa. Mwenye lugha alifafanua maana, mafumbo na historia. Mtafsiri akatafuta maneno ya kuvibeba vyote.

Kazi hiyo si nyepesi. Katika shairi la Kisomali la aina ya gabay, kila mshororo sharti uwe na neno linaloanza kwa sauti aliyoichagua mshairi, na sauti hiyo haibadiliki hata shairi likifika mishororo mia moja. Mtafsiri akiifuata sauti, maana humponyoka. Akiishika maana, muziki hupotea.

Je, Kiswahili kingeweza kuubeba mzigo huo? Kwa namna fulani, Kiswahili kina nafasi nzuri kuliko Kiingereza. Upatanisho wa ngeli umezoesha sikio la Mswahili kurudiwa kwa sauti: mtu husema "viti vile viwili vimevunjika" bila kujua kwamba amerudia sauti moja mara nne. Aidha, ushairi wa Kiswahili una vina na mizani, hivyo msomaji wake anafahamu kwamba mshairi hujifunga kwa kanuni kwa hiari yake.

Msamiati nao una matatizo yake. Wafugaji wa ngamia wana majina mengi ya mnyama huyo kulingana na umri, jinsia na maziwa yake. Mtafsiri mvivu ataandika "ngamia" kila mahali. Mwenye bidii atakumbuka kwamba Kiswahili kina neno mtamba, yaani jike ambalo halijazaa, na ataandika "mtamba wa ngamia" pasipo kulazimika kuongeza maelezo marefu.

Isitoshe, Kiswahili si kigeni katika ulingo huu. Julius Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar mwaka wa 1963. Riwaya ya Chinua Achebe ilitufikia mwaka wa 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo, kwa kalamu ya Clement Ndulute. Hata hivyo, kazi zote hizo zilitafsiriwa kutoka Kiingereza.

Aliyepigania njia nyingine ni Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025. Akiwa mkurugenzi wa kwanza wa Kituo cha Kimataifa cha Uandishi na Tafsiri katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, alihimiza lugha ndogo na kubwa zizungumze kwa usawa. Machi 2016, jarida la Jalada lilichapisha hadithi yake fupi, iliyoandikwa kwanza kwa Kikuyu, pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30, nyingi zikiwa za Afrika. Wengi wa watafsiri hao walikuwa wenyeji wa lugha zao, si wageni waliojifunza ukubwani.

Katika Isiolo, suala hili linavuka mipaka ya sanaa. Jamii za huko zimegombania malisho na maji mara nyingi, na damu imemwagika. Makala ya Andrzejewski ya 1962 yangemwezesha Mturkana au Msamburu kusikia jinsi Waborana wanavyosimulia vita katika ngano zao wenyewe. Lakini maandishi hayo yamo katika jarida la kitaaluma la Kiingereza, na msomaji aliyeyahitaji zaidi hajawahi kuyaona.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za wananchi, huku Kiswahili kikiwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Wajibu huo wa pande mbili hauwezi kutimizwa vyema bila tafsiri. Kinachohitajika ni ule utaratibu wa Andrzejewski na Galaal, safari hii ukielekezwa nyumbani: mzee mwenye hadithi, mwandishi anayeijua lugha yake, na mwandishi wa Kiswahili, waketi pamoja, kisha kitabu kichapishwe kwa lugha mbili, ukurasa kwa ukurasa, na kipelekwe katika shule za pande zote.

Hadi hapo, mtoto wa Isiolo ataendelea kumfahamu Okonkwo wa Nigeria na Kaisari wa Roma, asijue shujaa wa ngano anazosimuliwa mwenzake wanayeketi naye dawati moja.