Mwiba Haukuondolewa

Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba mwilini, na mwiba ukabaki palepale. Anayasimulia haya katika sura ya 12 ya waraka wa pili kwa Wakorintho, ulioandikwa katikati ya miaka ya 50 baada ya Kristo. Alichojibiwa ni kwamba atapewa neema ya kuishi nao, na kwamba pale anapoishiwa ndipo uwezo wa Mungu unapofanya kazi yake. Sura hiyo naijua tangu usichana wangu Bukoba, kwenye ushirika wa walokole. Nimekuja kuielewa nikiwa Mwanza, kwenye kiti cha mashine ya kusafisha damu.

Figo zikifeli kabisa, maji na taka hubaki mwilini. Mashine huvuta damu kupitia sindano moja, ikaichuja na kuirudisha kupitia nyingine. Inachukua kama saa nne, na inavyotakiwa ni mara tatu kwa wiki, kwa mwenye bima au ndugu wa kuchangishana. Mkononi nina fistula: daktari aliunganisha mshipa unaotoa damu moyoni na ule unaoirudisha, ukatanuka ili uhimili sindano. Ukiugusa unasikia mtetemo chini ya kidole. Nikiamka, kabla ya salamu na kabla ya sala, naugusa. Ukinyamaza, ni kukimbilia hospitali.

Maji ninayokunywa napima kwa kikombe. Na ndizi, ambazo nimelelewa nazo, zimejaa potasiamu. Ikizidi kwenye damu ya mgonjwa wa figo inaweza kusimamisha moyo. Mhaya na ndizi zake, akatengwa nazo! Anayetoka kwetu anajua uzito wa jambo hili.

Siku moja alikuja mhubiri wodini akatuambia mwenye imani ya kweli aachane na mashine. Mama mmoja alimsikiliza. Tulimzika. Nasema haya kwa uchungu, na nasema waziwazi: ambaye figo zake hazifanyi kazi tena akiacha matibabu haya, kwa kawaida hufa ndani ya siku au majuma machache. Kuketi pale na kuchomwa sindano si upungufu wa imani.

Korintho nako kulikuwa na wahubiri wa namna hiyo. Mji ule, uliojengwa upya kwa amri ya Julius Caesar mwaka 44 kabla ya Kristo, ulikuwa na bandari mbili, fedha na watu waliokuwa wakipanda vyeo. Kujisifu ilikuwa desturi, na walimu wengine walimwona Paulo dhaifu, hana lolote. Naye akajibu kwa kuorodhesha viboko, njaa, kuvunjikiwa na merikebu, kisha akamalizia na kisa cha Dameski. Jeshi la Kirumi lilimvika taji askari wa kwanza kupanda ukuta wa adui. Paulo yeye anajivunia kuteremshwa ukutani ndani ya kapu, akikimbia. Hapo kila mara nasimama nikasoma tena. Mtume mzima ndani ya kapu, maisha yake yako mikononi mwa walioshika kamba.

Kwetu Kagera tulikuwa na Askofu Josiah Kibira, mtoto wa uamsho wa walokole, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Walutheri wa dunia nzima. Aliugua Parkinson, maradhi yanayotetemesha mikono, kukakamaza mwili na kufifiza sauti, akafariki mwaka 1988. Sijamsikia mtu wa kwetu akisema alipungukiwa imani.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na wa kwaya. Nilizoea kuwaombea wengine. Kuna siku presha ilinishuka mashineni, misuli ya miguu ikakaza, hata Baba Yetu ikanishinda. Kiti cha pili huketi mzee Mwislamu mwenye tasbihi. Akaniambia, “Mwalimu, tulia. Leo nakuombea mimi.” Nikaitikia “Amina,” sina zaidi. Na Mungu alikuwepo. Sikuona maono wala kusikia sauti. Nilijua tu kwamba nimebebwa, na kwamba kule kubebwa hakukutegemea hata neno moja langu. Miaka yote ya utumishi sikuwahi kuwa na uhakika wa namna ile.

Wapendwa wa ushirika walikuja na ndizi, kwa kuwa hayo ndiyo mapenzi tuliyoyajua. Dada mmoja akamfuata muuguzi na kumuuliza nile nini. Akafundishwa kumenya viazi, kuvikata vidogo, kuvichemsha, kumwaga maji, kisha kuvichemsha tena kwa maji mapya ili potasiamu ipungue. Huja na sufuria yake na chumvi haigusi. Viazi vinakuwa havina ladha, navila vyote, naye anakula navyo ingawa figo zake ni nzima.

Bado naomba kupona. Upandikizaji wa figo unafanyika Muhimbili tangu mwaka 2017, na mdogo wangu amekubali kupimwa. Damu zetu ni za kundi moja. Vipimo vingine vinaendelea. Yeye mwenyewe haingii kanisani siku hizi, na nimemwambia hilo si sharti.