Je, Wajua? Mtoto wa Mbwa na Nyasi za Sakafuni
Mtoto wa mbwa wa aina ndogo, kwa sababu ya udogo wa kibofu chake, hawezi kustahimili haja ndogo ila takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake. Basi mtumishi wa umma wa Bukoba au Muleba aingiaye kazini saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri hana budi kumwomba jirani amtoe mbwa wake adhuhuri, ampeleke kibanjani chini ya migomba.

Aidha, tangu wiki ya 8 hivi mtoto wa mbwa huanza kuchagua kitu akikanyagacho wakati wa haja. Kwa hiyo katika nyumba ya Kihaya iliyotandikwa nyasi sakafuni kwa desturi ya wazee, ni dhuluma kumpiga, kwani akanyagapo nyasi kotekote hawezi kubainisha ndani na nje. Mkojo usafishwe kwa siki, maana harufu humrudisha palepale.