Kufundisha Visasili vya Asili: Mfano wa Mbega

Kila jamii ina hadithi zinazojibu swali moja kongwe: sisi tulitoka wapi, na kwa nini mambo yetu yako hivi yalivyo? Mwalimu wa shule ya msingi hana budi kukutana na hadithi hizo, ama katika kipindi cha historia, ama katika kipindi cha Kiswahili. Jambo linalowatatiza wanachuo wengi si kuzisimulia, bali kujua la kufanya mara baada ya kuzisimulia.

Tulipokuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya wilaya ya Handeni, tulimsikiliza mwanachuo akisimulia hadithi ya Mbega katika darasa la tano. Alisimulia vizuri sana. Alipofika mahali pasemapo kwamba Mbega alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota kwanza meno ya juu, wanafunzi kadhaa waligeuka kumtazama mwenzao mmoja wakacheka. Mtoto yule aliinamisha kichwa. Mwanachuo hakuona, akaendelea na somo. Makala haya yameandikwa kwa sababu ya mtoto yule.

Kisasili na kisakale

Kisasili ni hadithi ielezayo chanzo cha ulimwengu, cha watu, au cha mambo makubwa kama kifo. Hadithi ya Kintu na Nambi wa Buganda ni mfano mzuri: inaeleza jinsi watu wa kwanza walivyoanza kuishi duniani, na jinsi Walumbe, yaani kifo, alivyowafuata. Kisakale hukaa karibu zaidi na historia. Husimulia habari za mtu anayeaminiwa kuwa aliishi katika mahali panapojulikana, ingawa habari zake zimetiwa chumvi. Habari za Mbega ni kisakale; lakini kwa kuwa zinaeleza chanzo cha ukoo na cha utawala, zinafanya kazi ya kisasili pia.

Hadithi yenyewe

Mbega alikuwa mwindaji wa Nguu, nchi ya milima iliyomo leo katika wilaya ya Kilindi, ambayo ilikatwa kutoka Handeni mwaka 2002. Kwa desturi ya zamani, mtoto kigego alihesabiwa kuwa ni mkosi, naye aliuawa. Wazazi wa Mbega walimpenda, wakamwacha aishi. Walipokufa, ndugu zake walimnyima urithi wakimshitaki kuwa yeye ndiye aletaye vifo. Akakimbilia Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa huko. Siku moja, katika mawindo, kijana yule aliuawa na nguruwe mwitu. Mbega akakimbia tena, akavuka nyika, akaingia milima ya Usambara.

Huko watu waliuona moshi wa moto wake, wakamwendea. Yeye aliwapa nyama. Wao wakampa vyakula vya mashamba yao. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mazao, akaamua mashauri yao kwa haki. Akiwa njiani kwenda Vugha aliua simba, na watu wakamfanya mtawala wao. Ukoo wake ukaitwa Wakilindi, kwa jina la mahali alipowahi kukimbilia.

Hadithi hii iliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, ambaye aliwahi kumtumikia Semboja, mtawala wa Kikilindi aliyekaa Mazinde, katika wilaya ya Korogwe ya leo. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa kwa sehemu na misheni ya Magila kati ya mwaka 1895 na 1907, kikatolewa tena mwaka 1962.

Wenzake Mbega katika nchi nyingine

Mtoto aliyekataliwa akaja kuwa mtawala si wa Usambara peke yake. Sargon, mfalme wa Akkad huko Mesopotamia zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, husimuliwa kwamba mama yake alimtia katika kikapu cha matete akamwacha mtoni. Romulus, anayesemwa kuwa ndiye aliyejenga mji wa Roma, alitupwa pamoja na ndugu yake wakanyonyeshwa na mbwa mwitu. Katika utendi wa Wanyanga wa Kongo ya mashariki, Mwindo alitiwa na baba yake ndani ya ngoma akatupwa mtoni. Mwishowe akawa mtawala.

Mwanachuo asifanye haraka kusema kwamba jamii moja imeiga kwa nyingine. Ni dhahiri kwamba zote zilikuwa na swali linalofanana: mtu huyu, au ukoo huu, ulipata wapi haki ya kututawala? Hadithi hujibu kwamba mtawala hakupewa cheo kwa upendeleo. Alitupwa, akateswa, akathibitika.

Namna ya kufundisha

Kabla ya kusimulia, mwalimu achore ubaoni ramani ndogo: Nguu, mto Pangani, Korogwe, Mazinde, Bumbuli na Vugha. Watoto wa Korogwe wanaiona milima ya Usambara kila siku. Watafurahi kujua kwamba hadithi inapita mbele ya macho yao. Aeleze pia kwamba Mbega hapa ni jina la mtu, maana wengine watamfikiria mnyama wa msituni.

Baada ya kusimulia, asiulize tu, “Je, ni kweli?” Swali hilo hufunga mazungumzo. Afadhali aulize kwanza: ni mambo gani yanabadilishana katika hadithi hii? Wanafunzi wataona kwamba mtu wa porini analeta nyama, na watu wa mlimani wanatoa mazao. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Wasambaa, alionyesha jinsi tofauti hiyo ya pori na makazi inavyoibeba hadithi yote.

Kisha aulize: nani anapata faida hadithi ikisimuliwa hivi? Wakilindi walitawala, hadithi inasema kwamba walikaribishwa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1860 Wabondei waliasi utawala wao. Bila shaka aliyeasi hakuisimulia hadithi kama alivyoisimulia mtawala.

Mwisho, aulize ushahidi mwingine unasema nini. Mmisionari Krapf alifika Vugha mwaka 1848 akaonana na Kimweri, mtawala wa Kikilindi. Basi ufalme ulikuwako, na umeandikwa na aliyeuona. Habari za Mbega mwenyewe zimetufikia kwa midomo ya wazee, vizazi kadhaa baadaye. Wanafunzi na wawaulize wazee wa nyumbani, wayalinganishe masimulizi, waone yanapopatana na yanapoachana.

Juu ya kigego

Hapa ndipo mwalimu hana ruhusa ya kupita haraka. Kwa kawaida meno ya mbele ya chini huota kati ya mwezi wa 6 na wa 10, na ya juu hufuata. Mtoto akianza na ya juu, hiyo ni tofauti ya maumbile tu. Haileti kifo wala mkosi. Jambo hili lisemwe waziwazi, kabla ya hadithi kuanza, na bila kumtazama mtoto yeyote.

Kisha mwalimu awaonyeshe wanafunzi kwamba hadithi yenyewe iko upande wa mtoto. Ndugu waliomfukuza kigego walipoteza mwindaji hodari na mwamuzi wa haki. Wageni waliompokea walipata vyote viwili. Sisi tulilirudia somo lile katika darasa lile lile juma lililofuata, tukawauliza wanafunzi: ndugu wa Mbega walikosea wapi? Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mmoja wa wale waliocheka. Alisema, “Walimhesabia meno, hawakumwangalia mtu.”

Mwanachuo atakayekwenda kufundisha na aichukue hadithi hii pamoja na jibu hilo.